Kipimo cha Kukaa

4 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Naandika nikiwa mzima, na natumaini mgongo wako nao ni mzima, maana katika barua yako ya mwisho uliutaja mara tatu na mimi ukanitaja mara moja. Mwenzangu wa pasi, yule tunayemwita Mama Mvuke, anakusalimu ingawa hakujui. Yeye humsalimu kila mtu. Shangazi mpe salamu zake peke yake, na umwandikie kwenye karatasi kwa herufi kubwa, maana ukimwambia kwa mdomo atasikia kitu kingine.

Habari ya hapa ni mashine. Tajiri wetu wa duka la dobi amenunua mashine ya kupiga pasi. Unaivalisha shati kama unavyomvalisha mtoto, unabonyeza, inajaa upepo, na shati linatoka limenyooka kuliko nilivyowahi kulinyoosha mimi kwa miaka ishirini na miwili ya kusimama. Siku ilipoletwa, tajiri alituita sote akatuambia tuipigie makofi. Tukapiga. Mama Mvuke alipiga mpaka akaambiwa basi. Tajiri anasema haitabadilisha chochote, itatupunguzia kazi tu.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Mwezi wa Desemba nakuja. Ni likizo tu, wiki mbili, usianze kuhangaika. Miaka kumi na mmoja sijalala chumbani kwangu, na mama alipokuwa anatuaga alisema mbele yako kwamba chumba kile ni changu hata nikizeeka, hata nikirudi na meno mawili. Nakuomba kifagiwe, dirisha lifunguliwe asubuhi, na kitanda kisisogezwe. Kusema kweli, nikikifikiria chumba kile ndipo najiona kwamba na mimi nina mahali pangu duniani. Ukinijibu niambie tu kwamba kipo.

Ni mimi mdogo wako.


27 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo umepoa, asante kwa kuuliza kwa masimango. Shangazi nimemwandikia salamu zako kwa herufi kubwa, akasoma, akaniambia nisimpigie kelele. Mwambie huyo Mama Mvuke nami namsalimu, na makofi nampa pole.

Chumba chako kimefagiwa. Dirisha liko wazi, tena liko wazi kuliko zamani, upepo unaingia kutoka pande zote. Ila kuna mabadiliko madogo ya mtaa ambayo ni vizuri uyajue mapema. Ile barabara iliyokuwa ikisemwa kwamba itapanuliwa imepanuliwa. Imefika karibu na nyumba. Imefika karibu sana. Nyumba nayo imebidi isogee kidogo kuelekea mtoni. Kwa hiyo barua zako usizitume tena nyumbani, zitume kwa Funguo, yule fundi wa kufuli wa pale kona, yeye atanipa. Ni kwa ajili ya mleta barua tu, anapata shida kuvuka.

Mimi makabati nimeyaweka kando kwa muda. Baada ya miaka arobaini ya kuwatengenezea watu mahali pa kutundika nguo, nimepata kazi nyingine: najenga chumba cha mbao juu ya boti. Ni boti ya zamani ya kubebea mchanga, haina injini, imefungwa gatini. Boti ni yangu, chumba ni cha mteja. Najenga kwa mkono, msumeno na randa, kwa sababu pale gatini hakuna umeme, na hata ungekuwepo nisingeutumia. Mbao si mpya lakini zina nidhamu, miaka hamsini hazijapinda.

Kuna jambo dogo nakuomba. Mteja wangu ni mwanamke na yuko mbali, siwezi kumpima. Nikivuta kumbukumbu naona mnalingana. Nitumie kipimo chako cha kukaa, si cha mtu wa kuingia na kutoka. Cha kukaa kabisa. Unanijua, sikati ubao kwa kukisia.

Mimi kaka yako, mzima wa kichwa.


30 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Huku ni joto na vumbi, na Mama Mvuke ameota jipu mahali ambapo hasemi. Amenihimiza nisikuandikie hilo.

Hebu nieleze, nyumba ya mbao inasogeaje? Mliisukuma? Chumba changu nacho kilisogea pamoja na vingine au kilibaki nyuma? Nimesoma mara nne ule mstari wa upepo kutoka pande zote. Chumba changu kina dirisha moja, Kaka. Upepo wa pande nyingine unapita wapi? Labda umeandika kwa haraka.

Kipimo chako cha ajabu nimekipata. Tulikuwa tumeketi tunakunywa chai, Mama Mvuke akatoa futi yake ya ushonaji akanipima pale pale, wala sikuinuka. Kutoka sakafuni mpaka utosini, kilemba kikiwemo, ni sentimita mia moja ishirini na sita. Mwambie mteja wako kama tunalingana basi tunalingana.

Kazini mambo yamepungua kidogo. Mashine inafanya nusu yangu na nusu ya Mama Mvuke. Siku hizi miguu yangu haina kazi tena. Mwanzoni nililia, sasa nimezoea. Na barua zako utume kwa anwani ya Mama Mvuke iliyo nyuma ya bahasha, nimehamia kwake kidogo, kwa ajili ya maongezi.

Desemba iko palepale.

Ni mimi mdogo wako.


9 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba, marahaba sana. Mgongo wangu mzima, na hata ungekuwa mbovu nisingeutaja, maana nimeona aibu ya kuutaja mbele yako.

Barua yako niliisoma gatini, nikaikunja, nikaenda kuosha uso. Mia moja ishirini na sita. Funguo aliniambia nisome tena, labda karani wa posta alimwagia kitu. Nikasoma tena. Ulikuwa mrefu, mdogo wangu. Ulikuwa ukinipita bega. Lakini mteja akishataja kipimo fundi habishi, na mtu kupungua ni jambo la kawaida, hata Shangazi amepungua na wala hatumsemi. Uliandika kwamba hukuinuka. Uliandika habari ya miguu. Sitakuuliza zaidi. Nataka kujua mawili tu, na si lazima ujibu: unafikia kitasa cha mlango? Na je, kuna anayekupandisha kitandani, au Mama Mvuke ndiye anakubeba?

Kazi inaendelea. Paa nimeliweka sentimita mia moja arobaini, nikaacha hewa kidogo juu ya kilemba. Mlango unafika kifuani pangu. Vigingi vya kutundikia nguo nimevipigilia usawa wa goti langu, na kizingiti nimekiondoa kabisa kwa ajili ya magurudumu, endapo mteja ana magurudumu. Mimi mwenyewe naranda sakafu nikiwa nimepiga magoti, na nikisahau nikasimama, kichwa kinanikumbusha.

Jana nilikwenda kwa karani wa gati kuandikisha. Fomu yake ina mistari miwili tu, abiria au mizigo. Nikamweleza ni chumba cha mtu mmoja, mwanamke.

Akauliza, "Atashukia wapi?"

Nikasema, "Hashuki. Anakaa."

Akafikiri mpaka chai yake ikapoa. Akasema abiria ni mtu wa kushuka, asiyeshuka ni mzigo. Basi mteja wangu ameandikwa mzigo, mmoja, usiovunjika. Hilo la usiovunjika nililisisitiza mimi.

Chumba chako kimefagiwa.

Kaka yako anayekuombea.


2 Juni

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima. Jipu limepasuka.

Kitasa? Nafikia kitasa cha mlango tangu nikiwa na miaka mitatu. Mama Mvuke kusikia swali la kubebwa kitandani alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaacha kucheka ghafla akaniuliza kama nyumbani kwetu kuna mtu aliyewahi kuugua kichwa. Nikamjibu hapana. Sasa nakuuliza wewe.

Na kwa nini ghafla naitwa mpenzi? Katika miaka yote hii nimekuwa mdogo wangu, na siku ulipokasirika nimekuwa wewe. Mtu akianza kuitwa mpenzi na kaka yake ajue amefichwa jambo.

Sitaki maneno tena, nataka picha. Nenda kamwite mpiga picha, simama mbele ya nyumba, chumba changu kionekane, unitumie. Ukishindwa kusimama mbele ya nyumba niambie unashindwa kwa nini.

Mdogo wako.


18 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa. Kwanza wino uliisha, halafu Funguo alijifungia ndani ya duka lake mwenyewe na bahasha zikawa humo humo. Siku mbili. Fundi wa kufuli. Mtaa mzima ulikuja kumpa ushauri kupitia tundu la ufunguo, na kila aliyeinama aliambiwa anamzibia mwanga.

Mpiga picha alikuja, lakini jua lilikuwa limekaa vibaya upande wa nyumba. Tukashuka mpaka mtoni tukapiga ya chumba cha mteja, kwa kuwa pale mwanga ulikuwa mzuri. Ndiyo niliyoifunga humu. Aliyesimama pembeni ni Funguo, baada ya kufunguliwa.

Chumba kimekamilika isipokuwa rangi. Nakiri kimetoka kikifanana na kabati. Sikukusudia. Mkono ukishatengeneza makabati mia nne hausikii tena unachoambiwa. Kina milango miwili ya kufungukia nje, rafu tatu, na fimbo ya kutundikia iliyopita katikati, sijui niliiweka saa ngapi. Funguo anasema mtu akiingia humo ataanza kujitafutia hanga.

Shangazi alikuja kukikagua. Aliingia bila kuinama, akaketi, akafunga milango yote miwili kwa ndani, akakaa saa tatu. Tulipogonga alisema hataki kusumbuliwa, hatimaye kuna mtu amejenga nyumba ya watu wazima. Ilibidi nimwandikie karatasi kwa herufi kubwa nikaipitisha chini ya mlango: KINA MWENYEWE. Akairudisha ameandika: NANI?

Nikaikunja nikaitia mfukoni.

Kaka yako.


11 Agosti

Kaka,

Shikamoo, na safari hii naisema nikiwa nimekaza meno.

Picha nimeiona. Kwanza nilimtazama Funguo nikashangaa. Nilimwacha mtu wa kawaida, sasa mabega yake yamefika kwenye paa la nyumba. Nikamwambia Mama Mvuke kwamba huko kwetu fundi wa kufuli amekuwa jitu. Mama Mvuke akaichukua picha, akaitazama, akanitazama mimi, akaniuliza nilikupa kipimo gani. Nikamwambia kile alichonipima yeye mwenyewe kwenye chai. Akaniambia nilete barua zako.

Tukasoma ile ya Februari. Kipimo cha kukaa, si cha mtu wa kuingia na kutoka. Kaka, wewe ulitaka kimo cha mtu atakayeishi humo. Mimi nikakupa kimo cha mtu aliyeketi kwenye stuli na kikombe mkononi. Mia moja ishirini na sita ni mimi na stuli. Miguu yangu ni mizima, ni kwamba siku hizi haina pa kusimama. Nikisimama nafika mia moja sitini na nane, kilemba mbali, na bado nakupita bega. Umejenga chumba ambacho hata mwenyewe huwezi kuvaa suruali ndani yake, na miezi mitatu umekuwa ukinililia kimoyomoyo kama mtu aliyekatika katikati.

Tulicheka, sitakuficha. Majirani walikuja kuuliza. Kisha nikaitazama picha mara ya pili na kicheko kikaisha.

Dirisha lile ni langu. Kioo cha chini kushoto, kile cha kahawia ambacho baba alikiweka baada ya mimi kukivunja cha kwanza kwa kiatu. Ubao wa juu ya mlango una mikato tisa ya kisu. Hiyo ni mikato ya vimo vyangu, Kaka, kila mwaka mmoja, mpaka siku niliyokataa kupimwa. Vimo vyangu vilikuwa ukutani, ukanipima kwa barua.

Basi nijibu bila kuzunguka mtaa. Nyumba ipo au haipo?


29 Agosti

Haipo.

Marahaba, mdogo wangu. Nimeanza na jibu kwa sababu nikianza na salamu najijua, nitafika mwisho wa ukurasa bado nauliza habari za jipu.

Alama nyekundu ya kubomoa, watu wa barabara waliipaka mwaka jana mwezi wa Septemba. Walisema baba aliijenga juu ya barabara ambayo ilikuwa bado haijapita, lakini kwenye ramani ilikuwepo. Nikawaambia baba hakuionyeshwa ramani. Wakasema ramani haikuonyeshwa baba pia. Walikuja Novemba na buldoza. Vyumba vingine vyote nilikuwa nimeshavitoa vitu, nikafika kwenye chako nikakwama. Wiki moja kabla nilikuwa nimekuandikia kwamba kimefagiwa, nami nilikuwa sijakifagia tangu mwezi uliopita, kwa ajili ya kuhangaika na maofisi.

Nikamwendea dereva nikamwomba anisubiri, kuna chumba sijafagia. Akauliza nafagia cha nini, dakika kumi zijazo hakipo. Nikamwambia, "Nimeshamwandikia mwenyewe kwamba ni kisafi."

Akazima mashine. Nikafagia, mpaka chini ya kitanda, nikazoa taka nikazipeleka jalalani. Niliporudi alikuwa ameshuka, ameshika upande mmoja wa kitanda chako, ananingoja nishike wa pili.

Mbao za vyumba vingine niliwaachia watu wachukue. Za kwako nilizitoa mwenyewe, moja moja, nikazitia namba kwa chaki. Kiwanja cha kuzisimamisha sikuwa nacho, na nchi kavu yote inaweza kuwa barabara, hujui ramani yao inasemaje. Maji nilidhani watayaacha. Ndivyo nilivyopata boti. Tangu hapo naishi stoo kwa Funguo, kati ya makufuli.

Kukwambia nilishindwa. Kila nikianza kuandika kwamba nyumba haipo, mkono unaandika kimefagiwa. Mama alitamka mbele yangu, na mimi ndiye niliyebaki na ufunguo. Nilitaka uje ukute chumba kwanza, halafu ndipo uambiwe kwamba kulikuwa na siku ambayo hakikuwepo. Mteja ni wewe. Hata karani wa gati anajua, amekuandika mzigo.

Kuhusu kimo, nimeingiwa na aibu na furaha kwa pamoja. Umesimama. Basi. Mengine nitayarekebisha.

Kaka yako.


20 Septemba

Kaka yangu,

Shikamoo. Nimekusamehe ukurasa wa kwanza tu, lakini huo ndio mkubwa. Pole ya kubomolewa, pole ya kukaa na siri hiyo miezi kumi kati ya makufuli. Mimi niliilia nyumba siku mbili. Mama Mvuke alilia pamoja nami ingawa hajawahi kuiona, na yeye ndiye aliyechelewa kunyamaza.

Sasa na mimi nianze na jibu. Sikuwa nakuja likizo. Nilikuwa narudi, maana siku ile ya makofi nilishajua mashine imekuja kuchukua nafasi yetu. Walituachisha kazi mwezi wa Machi, mimi na Mama Mvuke siku moja. Na kile chumba nilichokuwa nakaa nyuma ya duka wamekipa mashine, kwa sababu haitakiwi kulala kwenye unyevu. Nilipewa mpaka saa sita mchana kutoa vitu vyangu. Tangu hapo nalala kwa Mama Mvuke kwenye viti viwili vilivyounganishwa uso kwa uso, na katikati pana ufa ambao umekariri mgongo wangu. Ulipouliza kama kuna anayenipandisha kitandani nilikasirika kwa sababu kitanda chenyewe sina. Nilikuandikia wiki mbili kwa aibu. Nilidhani nikishafika, zikiisha, nitaumwa kidogo, halafu nitaumwa kidogo tena, mpaka uzoee.

Kwa hiyo tumedanganyana sawasawa, wewe huna nyumba unanifagilia, mimi sina kazi naomba ruhusa.

Nina neno moja kuhusu hicho kikabati chako. Nimeiweka picha juu ya meza na kila siku naitazama. Kaka, usiinue paa. Nimesimama miaka ishirini na miwili, kuanzia asubuhi mpaka duka lifungwe, na tajiri aliviondoa viti ili tusishawishike. Sijawahi kuwa na chumba ambacho mtu akiingia hana namna isipokuwa aketi. Kusimama nitasimama nje, nje ni kukubwa. Humo ndani niache nikae.

Naja tarehe tano Desemba. Naja na sanduku moja na pasi yangu ya mkaa. Sitashuka.

Ni mimi mdogo wako.


8 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Shangazi ni mzima, Funguo ni mzima, mimi nimelowa.

Barua yako ya tarehe ishirini imenifikia jana. Hilo la paa ungelitaja katika ile ya picha ningelipata kwa wakati, lakini hukuwa na jinsi, na mimi ni mtu wa haraka pale tu haraka isipotakiwa. Nilipokuandikia ile ya Agosti sikulala na jambo hilo. Asubuhi yake nilipanda na nyundo nikaling'oa paa. Ulisema mia moja sitini na nane, kwa hiyo nikang'oa kila kilichokuwa juu ya mia moja arobaini, nikaanza kutafuta mbao za kuongezea nguzo. Mbao za kwako zimeisha, na za mtu mwingine sikutaka kuzichanganya nazo. Nikawa bado nazungukazunguka, mvua ikaanza.

Hivi ninavyoandika, chumba chako hakina paa la kukaa wala la kusimama. Kina kuta nne, milango miwili, na fimbo ya nguo inayochuruzika maji. Karani wa gati alipita na mwavuli akaniambia mzigo usio na paa hauruhusiwi. Nikamwambia mzigo wenyewe haujafika. Akasema basi nimwonyeshe ukifika.

Funguo anataka nirudishe lile la chini kama ulivyoandika, kazi ya siku moja. Mbao zake ninazo, nimezifunika kwa turubai, na misumari nimeinyoosha. Nimekataa. Ukiwa mbali nimekupima nikakupata mfupi, nikakupima tena nikakupata mrefu, na mara zote mbili nilishika nyundo kwanza nikajua baadaye. Sipigilii tena kitu chako bila wewe.

Usingoje Desemba. Nimekukumbuka mpaka nimeanza kumjibu Shangazi kwa jina lako. Acha hivyo viti viwili, mshukuru Mama Mvuke, na kama naye hana pa kwenda mwambie boti ni ndefu na mimi bado nina mikono. Panda gari la kwanza. Ukifika utaingia ndani, uketi unavyotaka kuketi, nami nitapigilia paa juu yako ubao kwa ubao, wewe ukiniambia kutoka ndani lini basi.

Mvua itakulowesha siku ya kwanza. Njoo hivyo hivyo.

Kaka yako.